Nilivyomwambia Mzee Silas Anywe Maziwa

Kosa langu kubwa kuliko yote katika kazi ya dawa lilikuwa na maneno manne tu: "Zimeze na maziwa, mzee." Niliyasema kwa upole, nikitabasamu, na mtu akafungika mwili kwa miezi mitano.

Nawaandikia ninyi vijana wa famasi mliokaa nasi siku za msiba wa Gaspard. Mlisema kwamba alikuwa akiwafundisha kwa kunitaja: "Muulizeni Mama Vestine habari ya maziwa." Mkaniuliza, nami nikasingizia kwamba chai inapoa. Haikuwa aibu. Nilikuwa sijazoea kumsikia akitajwa kama mtu aliyekuwapo. Sasa wiki tatu zimepita, viti vya kukodi vimerudi kwa mwenyewe, na ninaweza kuandika. Mimi niliishia darasa la saba kule Ngara, kwenye ukimbizi, kwa hiyo msitafute humu mambo ya vitabuni. Nitawaambia nilichokiona dirishani.

Nilianza kama mfagizi wa famasi ya hospitali moja hapa Kigali. Gaspard ndiye aliyekuwa mfamasia, mtu wa Bukavu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliponiona nasoma maandishi ya makopo huku nikifuta rafu, akaanza kunifundisha. Kwanza kuhesabu vidonge, tanotano, kwa kijiti kile bapa na si kwa vidole. Halafu kusoma lebo mara tatu: unapoitoa dawa kwenye rafu, unapoihesabu, na unapoirudisha. Mwisho akaniweka dirishani. Kazi ya dirishani ilikuwa kutoa dawa, kusoma kilichoandikwa na daktari, na kuhakikisha mtu ameelewa. "Kuongeza ya kwako, hapana," aliniambia. "Weye ni mdomo ya karatasi."

Ninyi mliomjua Gaspard mnajua hakuwa mtu wa kufoka. Wakati mmoja niliweka kisanduku cha suxamethonium kwenye friji, rafu moja na dawa ya kina mama wanaojifungua. Hiyo ni dawa ya chumba cha upasuaji, ya kulegeza misuli yote ili daktari aweze kupitisha mpira wa hewa kooni. Gaspard alikiona kabla hakijaleta madhara. Akaniita, akaniketisha, akanipangia mikono juu ya mapaja.

"Hapana kusogeza kidole. Hapana kupepesa jicho. Sasa funga pumzi."

Nikafunga. Yeye akachukua kile kisanduku akaanza kunisomea maandishi yake polepole, jina, kiwanda, tarehe ya kuisha, kama mtu asomaye tangazo kanisani. Kifua kikaanza kuniwaka.

"Sasa uite mtu akusaidie," akasema. "Lakini mdomo ni misuli."

Nikaachia pumzi nikitweta. Akaniambia hivi: hiyo dawa hailazi mtu. Asipopewa ya usingizi pamoja nayo, anasikia kila kitu na hawezi hata kunyanyua ukope. Mashine isipompumulia, anakufa akiwasikia mnaongea habari za chakula cha mchana. Toka siku ile dawa hizo nilizitenga kwenye boksi lake lenye karatasi nyekundu, na hadi nastaafu sikuligusa bila kukumbuka kifua changu. Siku hizi mna stika zilizotoka kiwandani na kompyuta inayopiga kelele. Vizuri sana. Ila bado funga pumzi mara moja, ujue unachokishika.

Za vidonge ni habari nyingine. Kulikuwa na motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria wa pale Sonatubes, mgongo ulimkaza, daktari akamwandikia vidonge vya kulegeza misuli avimeze jioni. Yeye akaona jioni ni mbali, akameza asubuhi akapanda pikipiki. Alirudi dirishani kwa miguu.

"Mama, nilisema mgongo ulegee. Mbona nimelegea hadi akili?"

"Wewe ulidhani kidonge kinajua njia ya mgongo?"

"Si ndiyo kazi yake?"

Siyo. Kidonge hakijui mgongo. Nyingi za dawa hizo huenda kwenye ubongo na uti wa mgongo, huko zinakotoka amri za misuli, zikapunguza sauti ya amri. Na zikishapunguza sauti huko juu, usingizi nao unaingia. Yule motari bahati yake alijilaza juu ya pikipiki yenyewe, kituoni, kabla abiria wa kwanza hajaja. Wenzake walimfunika koti.

Nacheka, lakini mnaona nilivyokuwa nimeanza kujiamini. Nilikuwa na majibu. Mtu wa darasa la saba akianza kuwa na majibu anayapenda sana.

Ndipo akaja Mzee Silas.

Alikuwa mzee wa miaka themanini hivi, wa kilima cha Rebero, amevaa kofia na koti hata juani. Alikuja na binti yake Devota, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiishi naye. Mzee alikuwa na ugonjwa wa Parkinson: mkono unatetemeka, mwili unakaza, hatua zinakuwa fupi kama za mtu anayetembea kwenye utelezi. Daktari alikuwa amemwanzishia levodopa, na ilikuwa imemsaidia. Tatizo lake lilikuwa kichefuchefu kila akimeza. Aliponisikia naongea Kiswahili cha upande wa Ngara, uso wake, ambao ugonjwa ulikuwa umeufanya mgumu kama ubao, ukalainika kidogo. Wao walikuwa wameishi Karagwe, alikuwa na ng'ombe huko.

"Dawa inanigeuza tumbo," akasema polepole. "Nifanyeje, binti yangu?"

Aliniita binti yangu, nami nilikuwa na wajukuu. Devota alikuwa amegeuka anatafuta kadi ya bima kwenye mkoba. Karatasi haikusema lolote juu ya tumbo. Nilipaswa kumwita Gaspard, aliyekuwa hatua sita nyuma yangu. Badala yake nikasema yale maneno manne.

Ninyi mmekulia hapa, mnajua. Ukimwambia mzee mfugaji anywe maziwa, humpi ushauri, unampa heshima. Hakuuliza mara mbili. Kuanzia siku ile alimeza kila kidonge na kikombe kikubwa cha ikivuguto, yale maziwa mazito yaliyoganda, asubuhi, mchana na jioni. Kichefuchefu kikaisha. Na mwili ukaanza kufunga.

Mimi sikujua. Niliona tu kwamba kila mwezi karatasi yake inakuja na dozi kubwa zaidi, na kila mwezi Devota anakuja peke yake, amechoka zaidi. Mwezi wa tatu aliniambia baba hafungi tena vifungo vya shati. Mwezi wa nne, kwamba hawezi kujigeuza kitandani, yeye huamka usiku mara tatu, mara nne, kumgeuza kama gunia. Alisema huku ameshika kiuno. Nikamwambia pole. Nikampa dawa. Nikasoma kilichoandikwa.

Mwezi wa tano alikuja na mfuko wa plastiki, akaupitisha dirishani. Ndani mlikuwa na vidonge vya mzee, pakiti nzima na nyingine nusu.

"Tunarudisha, mama. Tumeamua kuacha."

"Kuacha? Nani ameamua?"

"Nyumbani. Na mzee wa kanisa. Anasema huu si ugonjwa wa dawa."

"Kwa nini aseme hivyo?"

Akainama karibu na kioo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaona anafurahi. "Kwa sababu siku ya mfungo baba anatembea. Kweli kabisa. Ijumaa ya kwanza ya mwezi tunafunga hadi saa tisa, na mara tatu sasa, asubuhi ile ile, ameinuka mwenyewe. Ijumaa hii amefika hadi kanisani kwa miguu. Halafu akaona ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wake. Wa Karagwe. Wanapita katikati ya madhabahu, anawataja kwa majina na kuwasalimu. Mzee wa kanisa alisema ni maono. Kesho yake mwili ukakaza tena, kama ubao. Ndiyo tunasema, dawa amemeza siku zote, ila siku ya maombi ndiyo anayosimama. Basi tuache dawa tuongeze maombi."

Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza miezi mitano iliyopita. "Siku ya mfungo vidonge anameza?"

"Anameza. Dawa si chakula."

"Anavimeza na nini?"

"Na maji tu. Kwani amefunga."

Nilishika ukingo wa dirisha. Niliona kila kitu kwa mara moja, na katikati yake nilijiona mimi nikitabasamu. Tena nilijua jambo jingine: levodopa haiachwi ghafla. Mwili uliozoea kuendeshwa nayo, ukiikata kwa siku moja, unaweza kukaza kupita kiasi na homa ikapanda hadi mtu akafa. Ni kama fenobabitoni kwa wenye kifafa. Akina mama wengi waliniambia, mtoto hajaanguka miezi mitatu, amepona, tumeacha, na wiki inayofuata wanamleta amebebwa. Dawa hizo hupunguzwa kidogokidogo, na daktari ndiye anayepunguza.

Kwa hiyo nikasukuma mfuko nikaurudisha kwake.

"Msiache, Devota. Nakuomba. Mpeni, ila na maji tu. Maziwa msimpe na dawa."

"Maziwa yana nini?"

"Hayapatani nayo."

Akanitazama. Labda alikuwa anangoja niendelee. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Akachukua mfuko akaenda, nami nikamhudumia mtu wa vidonda vya tumbo, na mwingine, na mwingine, na moyoni nilikuwa najiambia imekwisha, amepona, hakuna aliyejua.

Faraja hiyo haikudumu. Nilifunga dirisha langu, nikaenda kwa Gaspard. Siwezi kusema ulikuwa ujasiri. Nilikuwa naogopa tu kuwa mtu aliyenyamaza. Alikuwa anapanga makopo.

"Nimefanya kosa kwa Mzee Silas."

"Sema vile ulisema. Maneno yenyewe."

"Nilisema, zimeze na maziwa, mzee."

Akaweka kopo chini. "Na nani alikuambia maziwa?"

"Hakuna. Alikuwa na kichefuchefu."

"Bon. Na leo umemwambia binti yake nini?"

"Nimemwambia ampe na maji tu, asiache." Nikamsimulia na habari ya mfungo na ng'ombe wa kanisani.

"Basi sasa umefanya makosa mbili."

Nikakaa bila kuambiwa. Akavuta kiti, akanieleza. Nitawaandikia alivyosema, maana sijasikia mwingine aliyelisema vizuri zaidi.

"Umeona pale stendi ya Nyabugogo watu wanapanda basi ya Noeli? Mlango ni moja. Weye umebeba mkoba tu, unataka kuingia. Wanakuja kumi na magodoro na magunia. Unaingia saa ngapi? Levodopa ni ule wa mkoba. Protini ya maziwa ni wale wa magodoro. Tumboni mlango ni ule ule moja, na pa kuingilia ubongo tena ni ule ule moja. Dawa imemezwa, lakini imebaki kwa stendi."

"Kwa hiyo nikiondoa maziwa..."

"Ndiyo. Daktari aliona mzee hasogei, akaongeza dawa. Akaongeza tena. Alikuwa anashindana na maziwa, hakujua. Sasa unaondoa magodoro yote, na dozi ni ile kubwa. Itaingia yote. Ule ng'ombe wa kanisani ulitoka wapi? Si mbinguni, Mama Vestine. Ni dawa imezidi. Kesho ataona mia moja, na mikono itacheza yenyewe, ataanguka avunje kiuno."

Alinyanyua simu, akampigia daktari, na akamwambia mbele yangu bila kupamba: mtu wangu wa dirishani alimshauri mgonjwa vibaya, tumegundua leo, tunahitaji dozi mpya leo. Hakutaja jina langu wala hakulificha. Halafu akampigia Devota, akamwambia daktari amesema dozi ya jioni ile iwe nusu, na asubuhi waje kwa daktari.

Nilimwuliza kama nitafukuzwa.

"Sijui," akasema. "Kwa daktari nimesema mimi. Kwa mzee utasema weye."

Sikufukuzwa. Niliondolewa dirishani mwezi mmoja, nikarudishwa kwenye kuhesabu tanotano, na ilinistahili.

Jumamosi ile Gaspard alinichukua tukapanda Rebero. Mzee Silas alikuwa kwenye kiti barazani, mikono imekunjwa kama mbawa za kuku. Tayari daktari alikuwa ameshusha dozi na kupanga saa: vidonge saa kumi na mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi na moja jioni, kwa maji, nusu saa na zaidi kabla ya kula. Kichefuchefu kikija, kipande cha mkate mkavu au kiazi. Maharage na maziwa yahamie jioni, zikishapita saa mbili tangu kidonge cha mwisho. Gaspard akamweleza yote taratibu. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mmekuja kuniachisha ziwa katika uzee huu."

"Hapana, muzehe," akasema Gaspard. "Ni kungoja tu hadi jioni."

"Nimekimbia nchi mbili. Hakuna adui aliyenikataza maziwa asubuhi."

Devota akasema, "Baba, tafadhali."

Mzee akafikiri. Kisha akaninyooshea kidole kinachotetemeka. "Nitakubali. Lakini huyu aje kila Jumapili mchana anywe kikombe changu. Mimi nitatazama."

Lazima niwaambie kwamba tumbo langu na maziwa havijawahi kuelewana. Ikivuguto ndiyo zaidi. Gaspard alijua, na alitazama juu ya paa ili asicheke. Jumapili saba nilipanda Rebero, nikanywa kikombe kizima mbele ya mzee aliyenitazama kama mtu atazamaye mpira, na Jumapili saba nilirudi nyumbani nimeshika tumbo. Sikulalamika.

Na kila Jumapili nilimkuta kabadilika. Ya pili, sauti ilikuwa imerudi, anasikika. Ya tatu, alikuwa amefunga vifungo vya shati mwenyewe, kimoja tu kimekosewa. Ya tano nilimkuta langoni, amesimama na fimbo.

"Ng'ombe wameondoka," aliniambia, akiwa na huzuni kidogo. "Nilijua hawapo. Ila walikuwa wazuri."

Shida yangu ilikuwa shukrani. Devota aliwaambia majirani mimi ndiye niliyegundua. Kanisani waliniombea kwa jina. Wageni wakifika pale barazani ananishika bega: "Huyu ndiye mama aliyemwokoa baba." Nami nakunywa maziwa. Gaspard aliniuliza kila Jumatatu, "Umesema?" Nikasema bado. Anarudi kwenye makopo yake, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Jumapili ya nane hapakuwa na wageni. Devota alikuwa amekaa chini anachambua maharage. Niliweka kikombe bila kukinywa.

"Mzee Silas. Habari ya kumeza dawa na maziwa, niliyekuambia ni mimi."

"Najua," akasema mzee. "Si nilikuwa pale?"

Mikono ya Devota ilisimama kwenye ungo.

"Wewe?" akaniuliza.

"Mimi. Haikuandikwa na daktari. Niliitoa kichwani kwangu."

"Baba, ulijua?"

"Nilijua kasema maziwa. Sikujua maziwa yana kosa. Baadaye yule mfamasia mrefu alipokuja kueleza, ndiyo nikaunganisha."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliuliza mzee wa kanisa." Akavuta pumzi. "Na ningekuambia, ungempigia kelele, asingekuja. Mimi nilitaka aje. Mtu anayekunywa kitu kinachomuumiza wiki saba bila kusema, huyo anatafuta njia ya kusema jambo. Nikasema nimngoje."

Nilidhani amemaliza kwa niaba ya wote, nikaanza kupumua. Lakini Devota hakuwa amemaliza, na alikuwa na haki.

"Miezi mitano," akasema, haongezi sauti. "Namgeuza usiku mara nne. Namfunika, analia kwa aibu, najifanya sisikii. Nimemwambia Mungu amchukue. Unajua nimesema hivyo? Kwa sababu ya kitu ulichotoa kichwani."

Nikasema, "Najua sasa." Sikuomba anisamehe, kwa sababu ningekuwa namwongezea kazi.

Devota akasukuma ungo pembeni, akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika barazani.

"Baba, lala hapa."

"Mchana huu?"

"Lala. Nataka aone."

Mzee Silas akamtazama binti yake, akaweka fimbo ukutani. Akashuka kwenye mkeka kwa kujishikilia kiti, goti moja, goti la pili, akalala chali. Devota akaketi kando yake, karibu kabisa, mahali ambapo bila shaka alikaa siku zote zile kumshika bega na nyonga. Akaniambia, "Tazama."

Mzee akakunja goti. Akarusha mkono wake ng'ambo ya kifua, akajivuta, akageukia upande wetu. Akapumzika. Halafu akajirudisha, akajivuta tena, akageukia ukuta. Ilimchukua muda. Muda wote huo mikono ya Devota ilitulia mapajani mwake, na hakuinyanyua hata mara moja.